Karakana ya Muziki wa Magari Ngamiani: Fundi Anayepima Kabla ya Kuuza

Mwenye gari mjini Tanga ambaye spika zake zimeanza kukwaruza hupata ushauri uleule karibu kila dukani, nao ni kununua spika nyingine. Tathmini hii inahusu karakana ndogo iliyoko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, ambako nilipeleka Toyota Premio yangu baada ya duka moja la vifaa vya magari kunieleza kuwa spika zote nne zimekufa na kwamba amplifaya, yaani kifaa cha kukuza nguvu ya sauti, nayo haifai tena. Karakana haina kibao, na mwenyewe hapendi jina lake lizagae mitandaoni, kwa hiyo nitamwita fundi tu. Ukifika mtaani ukamuulizia fundi wa muziki wa magari, vijana wa bajaji watakupeleka hadi mlangoni.

Ni vyema nieleze kwanza vifaa vilivyomo garini, kwa sababu ushauri wa sauti usiotaja vifaa hauna maana. Kuna redio ya skrini iliyofungwa badala ya ile iliyokuja na gari kutoka Japani, amplifaya ya njia nne ambayo njia mbili zinaendesha spika za milango ya mbele za inchi 6.5 na mbili zilizobaki zimeunganishwa pamoja kuendesha sabufa, ile spika kubwa ya besi, ya inchi 12 kwenye buti, na spika mbili za nyuma zinazopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye redio. Kwa sauti ya chini hakukuwa na tatizo lolote. Ukipandisha kupita nusu, sauti za waimbaji zilianza kupasuka, besi ikawa nzito isiyo na umbo, na kila injini ilipokanyagiwa mafuta ulisikika mluzi mwembamba uliopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini.

Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba fundi hakugusa bisibisi hata kidogo mpaka alipomaliza maswali yake. Alitaka kujua kama mkwaruzo unasikika kwenye stesheni za redio peke yake, au kwenye flashi na simu pia. Swali hilo lina uzito wake, hasa kwa magari yetu. Redio zinazokuja na magari ya Kijapani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, na kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuhamisha mawimbi mara nyingi huleta mchakacho ambao watu huwatupia lawama spika. Kwangu mkwaruzo ulisikika kwenye kila chanzo, kwa hiyo antena iliondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Kisha akatumia redio yenyewe kutenganisha spika: sauti yote kulia, yote kushoto, yote mbele, yote nyuma. Spika za nyuma zilikwaruza kidogo, za mbele zilikwaruza sana, na mlango wa kulia ndio uliokuwa mbaya kuliko wote. Aliifungua spika ya mlango huo, akaweka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, na kuisukuma ndani polepole kwa usawa. Nilipoinamisha sikio niliusikia mkwaruzo mkavu, kama msasa unaopita kwenye ubao, ambao ni dalili kwamba koili, yaani waya uliosokotwa nyuma ya koni, imepinda na inagusa kuta za sumaku. Spika hiyo kweli ilikuwa imekwisha. Nyingine tatu alizipima kwa mita na zikasoma kati ya omu 3.3 na 3.6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kiasi cha kawaida kwa spika inayoandikwa omu 4, na koni zake zilienda na kurudi bila kugusa kitu. Kwa maneno mengine, duka lile lilitaka kuniuzia spika tatu ambazo sikuzihitaji.

Chanzo hasa cha koili kupinda kilikuwa mahali pengine, na hapa ndipo kazi ya fundi huyu inapozidi ya wengi niliowahi kuwatembelea. Kwenye redio, ekwalaiza, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha aina za sauti, ilikuwa imepandishwa besi na sauti nyembamba karibu hadi mwisho, na kitufe cha kuongeza besi kikiwa kimewashwa juu yake. Wengi hatufikirii gharama ya jambo hilo. Kila desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoongeza zinadai nguvu maradufu kutoka kwenye amplifaya, na desibeli 10 zinadai nguvu mara kumi. Amplifaya isiyo na nguvu hiyo haikatai kazi. Inachofanya ni kukata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililopaswa kuwa la mviringo linatoka likiwa bapa juu na chini. Masikio yetu yanalisikia wimbi hilo kama sauti iliyopasuka, nayo koili ya spika inapokea joto la ziada bila kupata mwendo wa kutosha wa kuipooza.

Kwenye amplifaya, kile kirungu cha geini kilikuwa kimezungushwa hadi karibu na mwisho. Aliyenifungia alikitumia kama kirungu cha sauti, na hilo ndilo kosa linaloua spika nyingi zaidi hapa mjini kwa kadiri ninavyoona. Kazi ya geini ni kulinganisha nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio na uwezo wa amplifaya kuyapokea, basi. Redio inayotoa volti 4 inahitaji geini ndogo kuliko inayotoa volti 2, na ukiipandisha kupita hapo huongezi sauti safi hata kidogo, unaongeza mkwaruzo.

Namna alivyoirekebisha nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Alirudisha ekwalaiza katikati, akachomoa nyaya zote za spika kwenye amplifaya, akaweka flashi yenye mlio mmoja wa hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, na kupandisha sauti ya redio hadi robo tatu. Njia za mbele za amplifaya hiyo zina wati 60 kwa omu 4. Ukizidisha wati kwa omu unapata 240, na kipeuo chake cha pili ni karibu 15.5, kwa hiyo volti 15.5 ndiyo kikomo ambacho mita haipaswi kupita. Kwa upande wa sabufa, wenye wati 200 kwa omu 4, hesabu ileile inaleta volti 28.3, na hapo alitumia mlio wa hezi 50. Mafundi wachache wanaojua hesabu hii huishia hapo. Yeye ana pia osiloskopu ndogo ya mkononi, kifaa kinachochora umbo la wimbi, kwa sababu mita inaonyesha volti bila kukuambia kama wimbi limekatwa. Alinionyesha kwenye kioo chake: kwa volti 15 na ushee wimbi lilikuwa tayari limeanza kubapa juu, maana wati zilizoandikwa kwenye boksi la amplifaya zilikuwa za matumaini kuliko za kweli. Akashusha hadi wimbi likarudi kuwa mviringo, karibu na volti 13.5, ambazo kwa hesabu ni wati 45 na kidogo.

“Anko, hizi wati za kwenye boksi ni za sokoni,” alisema bila kuinua macho. “Za kazini ndizo hizi.”

Mluzi wa injini ulikuwa na asili yake. Waya wa hasi wa amplifaya ulifungwa kwenye bodi juu ya rangi, na kwa hewa ya chumvi ya mji wetu kutu ilikuwa imejipenyeza chini ya nati. Injini ikiunguruma betri ilisoma volti 14.1, lakini kwenye amplifaya zilifika 12.4 tu wakati muziki unapiga. Alikwangua rangi mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga upya kwa boliti na kupaka grisi juu yake. Zile nyaya za sauti zilizokuwa zimelazwa sambamba na waya mnene wa umeme upande mmoja wa gari alizihamishia upande wa pili. Mluzi ukatoweka. Waya wenyewe wa umeme uligundulika kuwa wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ambao kwa unene uleule hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba tupu, na fundi alinishauri niubadilishe siku nyingine kwa kuwa hakuwa na waya wa shaba wa unene uliofaa. Huo ni upungufu wa kwanza wa karakana hii: vifaa vyake ni vichache, na kinachokosekana unaweza kuambiwa usubiri kiletwe kutoka Dar es Salaam.

Baada ya spika mpya ya kulia kufungwa ilibaki kazi ya kupanga sauti. Aligusa nyaya za kila spika kwa betri ndogo ya volti 1.5 ili aone koni inatoka au inaingia, na ikaonekana kwamba ya mlango wa kushoto ilikuwa imefungwa kinyume. Spika mbili zinazosukuma kwa kupingana hufutiana besi, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kupandisha besi kwenye redio miezi yote hiyo bila kushiba. Milango ikawekewa kikomo cha chini cha hezi 80, sabufa ikaachiwa zilizo chini ya hapo. Kwa kuwa dereva wetu hukaa kulia, spika ya kulia iko karibu naye kwa nusu mita hivi kuliko ya kushoto, na sauti yake humfikia mapema kwa karibu milisekunde moja na nusu. Redio ina sehemu ya kuchelewesha, na fundi aliichelewesha spika ya kulia kwa kiasi hicho baada ya kupima umbali kwa futi ya fundi cherehani. Matokeo yake yalinishangaza. Mwimbaji alihama kutoka kwenye goti langu la kulia akakaa katikati ya dashibodi.

Hapo ndipo tulipotofautiana kidogo. Fundi hupenda sauti kali, yenye twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zinazochoma, na kwa muziki wa kisasa huenda wateja wake wengi wanafurahia. Mimi nasikiliza zaidi taarabu ya zamani ya hapahapa Tanga, ya enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, na rekodi hizo zina sauti nyingi za katikati na besi ndogo. Sauti ya mwimbaji Bi Shakila ikisukumwa kupita kiasi kwenye eneo la hezi 3,000 hivi inageuka kuwa ukali usiokuwemo kwenye rekodi. Nilimwomba ashushe desibeli 3 hapo. Alisita, akasema gari litakuwa pole mno, akashusha 2 na kutaka niendeshe hadi Raskazone na kurudi ndipo niamue. Niliporudi nilimwambia ashushe na ya tatu, naye akashusha bila kinyongo, ingawa uso wake haukuficha kwamba hakukubaliana nami. Nadhani fundi mwenye masikio yake mwenyewe ni bora kuliko asiye na maoni, mradi gari linabaki kuwa la mteja.

Malalamiko mengine ni ya kawaida na sitayarefusha. Hapokei miadi, anayewahi ndiye anayehudumiwa, na kivuli ni cha gari moja tu. Risiti nililazimika kuiomba. Namba za mipangilio yote hakuziandika popote, kwa hiyo nilipiga picha skrini kwa simu yangu, na nashauri kila mteja afanye hivyo, kwa sababu redio hizi za skrini hupoteza mipangilio betri ikichomolewa. Paneli ya mlango wa kushoto bado inatetema kwenye noti fulani za besi. Dawa yake ni mabati laini ya kubandika ndani ya mlango, kazi ambayo fundi anaifanya lakini anatoza kwa mlango mmoja mmoja, na bei yake niliiona kubwa kwa Premio ya umri huu.

Anayetaka gari litikise vioo vya jirani akitoka Chumbageni hadi Kange hatafurahia hapa. Fundi atamkatalia kupandisha geini, na nilimshuhudia akimkatalia kondakta mmoja wa daladala aliyekuja na haraka zake. Kwa mwenye kutaka kujua hasa kilichoharibika kabla hajatoa pesa, sijapata pengine mjini panapofanana napo. Uchunguzi peke yake nilitozwa shilingi 15,000, na kiasi hicho kilikatwa kwenye gharama ya kazi nilipokubali aendelee. Kupima, kubadilisha njia za nyaya na kupanga sauti vilikuwa shilingi 60,000, bila kuhesabu spika. Nenda asubuhi, chukua flashi yenye nyimbo unazozijua vizuri na zilizorekodiwa kwa ubora mzuri, maana MP3 iliyobanwa sana ina mkwaruzo wake ambao hakuna fundi anayeweza kuuondoa, na siku ya Ijumaa usifike kati ya adhuhuri na alasiri, kwani mlango huwa umefungwa.