Moldi ya plasta ya kutengeneza vinyago vya udongo: nzuri, ila hiyo pua sasa

Kwa mnaoulizia hizi moldi (kalibu) za plasta ya jasi zenye sura ya mtu, mi ninayo moja na naitumia sana tu. Ni kipande kimoja, nzito kama tofali, uso umechimbwa kwa ndani kuanzia paji mpaka kidevu. Unasukuma udongo uwe bapa la milimita 6 hadi 8 hivi, unaulaza, unaanza kukandamiza katikati kwenye pua ndo unaenda pembeni, ukianzia pembeni hewa inanasa katikati na pua inatoka butu.

Kilichonifurahisha ni plasta yenyewe jamani. Inanyonya maji ya udongo, udongo unakaza, unasinyaa kidogo na kujibandua wenyewe, unageuza moldi na kinyago kinadondoka mkononi na mikunjo yote ya paji, nyusi, mpaka mistari ya midomo. Zile za plastiki hazinyonyi kitu, lazima utandike nailoni au unyunyize wanga wa mahindi na hapo alama ndogondogo zinafifia.

Sasa karatasi ya maelekezo inasema eti paka mafuta kabla ya kuweka udongo. Aliyeandika sijui alikuwa anawaza keki?? Mafuta yanaziba vitundu vya plasta, ikishaziba hainyonyi tena na udongo unaganda humo humo. Usipake chochote.

Halafu pua. Matundu ya pua wameyachimba yakaingia kwa ndani, yaani udongo ukishaingia pale unashikwa, ukivuta ncha inabaki kwenye moldi. Mi nayajaza udongo laini kwanza yawe sawa, nikishatoa kinyago nachonga matundu mwenyewe kwa kijiti, na macho nakata wakati huohuo udongo ukiwa umekaza nusu, ila kwa moldi ya bei hii nisingetakiwa kufanya hiyo kazi.

Na wanaposema saizi ya uso wa mtu mzima, hiyo ni saizi ya moldi sio ya kinyago. Udongo ukikauka na kuchomwa unapungua, aina nyingi ni asilimia 8 mpaka 12, kwa hiyo urefu wa sentimita 22 unaishia 20 au pungufu. Kwa kutundika ukutani poa, wa kuvaa asahau. Tumia udongo wenye chenga za udongo uliokwisha kuchomwa, unasinyaa kidogo na haupasuki ovyo.

Kingo zake zinamomonyoka pia, kwa hiyo usichokoe na kisu, kipande cha plasta kikiingia kwenye udongo kinaweza kuja kukirusha kinyago vipande baada ya kuchomwa. Ikilowa sana iache ikauke kwenye upepo, usiiweke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi, plasta inakuwa unga unga. Nyota 4 kwa 5, hiyo moja pua imekula.