Uhakiki wa amri ya kukata methodi ndefu ndani ya IntelliJ IDEA

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika programu za wavuti kwa lugha ya Java ndani ya IntelliJ IDEA, kihariri cha kampuni ya JetBrains, na amri ninayoitegemea kuliko zote ni ile ya kuchukua kipande cha methodi ndefu (methodi ni fungu la maagizo lenye jina lake) na kukigeuza kuwa methodi inayojitegemea. Kwenye menyu imeandikwa Extract Method. Katika Windows na Linux huitwa kwa kubonyeza Ctrl+Alt+M. Uhakiki huu unaihusu amri hiyo tu.

Niliipima kwa methodi ya mistari 180 iliyopokea oda za wateja. Ilikagua fomu, ikatafuta bidhaa katika hifadhidata, ikapiga hesabu ya punguzo, ikahifadhi oda na kutuma barua pepe, yote kwa mfululizo mmoja, hivi kwamba aliyetaka kurekebisha kanuni ya punguzo alilazimika kwanza kuelewa mambo manne yasiyomhusu. Nilichagua mistari 14 ya punguzo na kubonyeza. Zana ilitambua yenyewe kwamba kipande kile kinahitaji mteja na orodha ya bidhaa, na kwamba kinachotoka ni kiasi cha fedha. Ikaandika methodi mpya na kuweka mwito wake, yaani mstari unaoiita ifanye kazi, pale kipande kilipokuwa. Kisha ikaniuliza iwapo kipande kingine kilichofanana na hicho, kilichokuwa chini kabisa ya klasi ileile (fungu linalozibeba methodi hizo), nacho kigeuzwe kuwa mwito. Sikujua hata kama kipo.

Wepesi huo unapendeza, lakini ninaithamini zaidi amri hii kwa jinsi inavyofichua mahali nilipokata vibaya. Nilipochagua ukaguzi wa bidhaa zilizobaki ghalani pamoja na nusu ya hesabu ya jumla, methodi iliyopendekezwa ilidai vigezo saba, yaani thamani saba za kupewa kutoka nje. Vigezo saba maana yake nimepasua mfupa nikaacha kiungo. Nilighairi, nikashusha mistari miwili ya hesabu ikae na wenzake, nikachagua upya, na vigezo vikawa viwili. Vivyo hivyo kipande kinapotaka kurudisha thamani mbili au tatu kwa pamoja: mara nyingi humo ndani mna kazi mbili zilizosukwa pamoja, na inafaa zifumuliwe kabla ya kukata.

Kuhusu majina, msaada wake ni mdogo. Zana hukisia jina kutokana na kinachorudishwa au kilichomo katika kipande, nalo aghalabu huwa sahihi kisarufi na tupu kimaana. Jina kama chakataOda halimwambii msomaji lolote, ilhali kataaOdaBilaAnwani linamwezesha kuipita methodi hiyo bila kuifungua. Ninashauri jina la kwanza lisikubaliwe kwa haraka. Na jina bora likikujia baada ya siku mbili, Shift+F6 italibadilisha kila linapotumika. Nikikosa jina lisilo na neno “na” katikati, hurudi kutazama upya nilichokata, maana huenda kina kazi mbili.

Liko jambo moja ambalo atumiaye Spring, kiunzi cha kuundia programu za Java, lazima aliangalie mwenyewe. Nilipotenga sehemu ya kuhifadhi oda, niliihamishia pia alama ya @Transactional, nikidhani muamala wa hifadhidata (mabadiliko yanayofanikiwa yote au kufutwa yote) utaanzia hapo. Spring, katika mpangilio wake wa kawaida, husimamia muamala kupitia kitu wakala kinachoizunguka klasi, kwa hiyo methodi inapoitwa na mwenzake wa klasi ileile, wakala harukwi kwa bahati mbaya, bali hahusiki kabisa. Oda ilihifadhiwa, bidhaa zake zikashindikana, na hakuna kilichorudishwa nyuma. Kosa lilikuwa langu, na jaribio moja la kuhifadhi oda yenye bidhaa batili lingelifichua mapema. Alama niliirudisha kwenye methodi kuu inayoitwa kutoka nje.

Methodi ile kuu sasa ina mistari 19. Ilifikia 11, lakini nilikuwa nimevuka mpaka: methodi mbili zilikuwa za mstari mmoja, na majina yake yalirudia tu kile ambacho mstari wenyewe ulisema, huku msomaji akirukaruka juu na chini kuzifuata. Nilizirejesha mahali pake kwa Ctrl+Alt+N, amri pacha inayofanya kinyume cha ile ya kwanza.