Miezi saba ya kuwekewa mikono nikiwa na baridi yabisi: uzoefu wangu

Kabla ya kuniwekea mikono, mama aliyenihudumia aliniuliza maswali matatu: ni wapi panaponiuma kiasi cha kutotaka kuguswa, ninatumia dawa gani, na je, daktari wangu anajua kwamba nimekuja. Nilipojibu swali la tatu kwa kusitasita, aliniomba nimweleze daktari katika miadi yangu inayofuata, kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kazi yake ni kuomba, na kwamba hawezi kuniahidi lolote kuhusu vidole vyangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi siku ile, lakini hilo sikulitarajia.

Nina baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huacha kazi yake ya kulinda na kuanza kushambulia viungo, na huu ni mwaka wa tisa tangu nigundulike kuwa nao. Wanaoufahamu wanazijua asubuhi zake: vidole hukakamaa kama vilivyofungwa kamba, na huenda ikapita zaidi ya saa moja kabla mtu hajaweza kufunga kifungo cha shati au kushika kalamu. Sikwenda kuombewa kwa udadisi. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba Mungu husikia.

Hii haikuwa mara yangu ya kwanza kuwekewa mikono. Miaka minne kabla ya hapo niliombewa mbele ya umati, mahali ambapo sitapataja. Aliyeniombea alinishika paji la uso akanisukuma, huku watu wawili wakisubiri nyuma yangu ili wanidake, kisha akaniamuru nikunje ngumi na kuiinua juu ili wote waone. Vidole havikufika kwenye kiganja. Akarudia amri yake kwa sauti kubwa zaidi, nami, kwa kuwaonea haya wote waliokuwa wakisubiri, nikasema nimepona. Niliambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge baada ya ushuhuda ule ni kumwonyesha Mungu kuwa simwamini, hivyo nikaviacha kwa wiki tatu. Uvimbe uliofuata ulifika magotini, mahali ambapo ugonjwa haukuwahi kufika. Nilipowarudia kuwaeleza, jibu lilikuwa fupi: imani yangu ilikuwa haba. Magoti yalitulia baada ya kurudi kwenye dawa, lakini neno lile lilikaa nami muda mrefu kuliko uvimbe, na ndilo lililonifanya nikae miaka minne bila kumruhusu mtu yeyote kuniombea kwa mikono.

Huduma ninayoielezea sasa hufanyika katika chumba kidogo cha maombezi, mara moja kwa wiki, kwa mtu mmoja mmoja. Nilikalishwa kwenye kiti chenye mahali pa kuegemeza mikono, na mto ukawekwa mapajani mwangu ili viwiko visining'inie. Mwombeaji wa pili aliketi pembeni muda wote akiomba kimoyomoyo, kwa kuwa wana utaratibu kwamba mgonjwa hafungiwi chumbani na mtu mmoja peke yake. Mama alinawa kwa maji ya uvuguvugu, akakausha mikono, akaniambia: "Mwanangu, ukiona hupendi, sema 'inatosha' tu, nami nitaiondoa. Huna haja ya kunieleza sababu." Kisha akasema sala fupi, akaweka viganja mabegani mwangu, baadaye kichwani, na mwisho akaishika mikono yangu yote miwili katikati ya yake, bila kukanda wala kubonyeza, kwa muda ambao baadaye niligundua ulikuwa kama dakika ishirini. Mara chache tu aliupitisha mkono polepole kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. Hakusema neno lingine hadi sala ya kufunga.

Nitaeleza nilichohisi bila kutia chumvi. Sikuhisi umeme, wala mtetemo, wala moto ukishuka kutoka juu. Nilihisi joto la viganja vya mtu, la kawaida kabisa, likiingia taratibu kwenye vifundo vya vidole. Nusu ya kwanza ya siku ile niliitumia kusubiri niambiwe nikunje ngumi, mabega yangu yakiwa yamekaza kama ya mtu anayengoja kofi. Sikuambiwa. Ilipofika wiki ya tatu, mabega yalishuka yenyewe na machozi yakatoka, naye hakuondoa mikono wala hakuniuliza ninalia nini. Ni baada ya siku hiyo nilipotambua jinsi ambavyo mtu mwenye ugonjwa huu huguswa mara chache. Ndugu na marafiki huogopa kutuumiza, hata salamu ya mkono wanatusamehe. Nao madaktari hutugusa ili kupima, wakibonyeza kiungo kimoja baada ya kingine, viungo 28 katika kipimo kinachotumika sana, na kuhesabu vile vinavyouma. Nilikuwa nimesahau jinsi mkono wangu unavyokuwa ukishikwa na mtu asiyetafuta jibu lolote kutoka kwake.

Katika sura ya 8 ya Injili ya Marko kuna kisa ambacho nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukielewa. Yesu anamwekea mikono kipofu wa Bethsaida na kumwuliza kama anaona kitu, naye yule mtu anajibu ukweli, kwamba anaona watu, ila wanaonekana kama miti inayotembea. Hakuna anayemkemea. Hakuna anayemwambia kwamba imani yake ni haba, wala hatakiwi kutangaza kwamba anaona vizuri ili kuiheshimu huduma. Anawekewa mikono mara ya pili. Nilipokumbuka ngumi yangu isiyofunga, na uongo nilioutamka mbele ya umati, nilitamani mtu angenisomea kisa hicho siku ile.

Sasa matokeo, kwa kuwa najua ndiyo wengi wanayoyatafuta. Tangu wiki ya kwanza niliweka daftari, nikaandika kila asubuhi ni dakika ngapi zimepita kabla ya vidole kulegea, na kila usiku nimeamka mara ngapi. Nilipoanza, ukakamavu wa asubuhi ulidumu kama dakika 90. Mwisho wa mwezi wa tatu ulikuwa kama 65. Hata hivyo siwezi kuuhesabu upungufu huo kuwa wa maombi, kwa sababu katika wiki ya tano daktari aliniongezea kipimo cha dawa, na dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini havikubadilika kwa namna ya kutajwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia, ambavyo vilikuwa vimeanza kupinda, bado vimepinda. Kilichobadilika mapema, hata kabla ya dawa kuongezwa, ni usingizi: kutoka kuamka mara nne au tano kwa usiku hadi mara moja au mbili, hasa katika siku tatu zinazofuata maombezi. Pia ile hofu ya asubuhi, ya kufumbua macho huku tayari ninakichukia kitanda, imepungua kiasi ambacho watu wa nyumbani kwangu waliiona kabla sijawaambia.

Ninakuwa mwangalifu hivi kwa sababu ugonjwa wangu hupanda na kushuka wenyewe, na mtu hukimbilia maombi anapokuwa pabaya zaidi, yaani wakati ambapo hatua inayofuata kwa kawaida ni nafuu. Hili si jambo jipya. Kwa karne nyingi wafalme wa Uingereza na Ufaransa waliwagusa kwa mikono wagonjwa wa kifua kikuu cha tezi za shingo, na watu waliamini kwamba mguso wa mfalme huponya. Inahesabiwa kwamba Charles II wa Uingereza peke yake aliwagusa zaidi ya watu 90,000. Uvimbe wa tezi hizo nao una tabia ya kutulia kwa muda bila tiba, na kila aliyetulia alihesabiwa kuwa amepona. Samuel Johnson, ambaye baadaye alikuja kuandika kamusi mashuhuri ya Kiingereza, aliguswa na Malkia Anne mwaka 1712 akiwa mtoto mdogo, na akabaki na makovu ya ugonjwa huo maisha yake yote. Ninapowasikia watu wakisimulia uponyaji wa papo kwa papo wa ugonjwa kama wangu, siwaiti waongo, maana nami nilisema nimepona. Nawaomba tu wasubiri miezi sita kabla ya kusimulia.

Kuna pia wanaoeleza huduma hii kwa lugha ya nguvu zinazotiririka kutoka kwenye viganja, kama ilivyo katika Reiki, iliyoanzishwa na Mikao Usui nchini Japani mwaka 1922, au katika ule mguso wa tiba uliobuniwa Marekani na Dolores Krieger na Dora Kunz mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo mikono hupitishwa juu ya mwili bila hata kuugusa. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la msichana, Emily Rosa, aliyelianza akiwa na umri wa miaka tisa. Watendaji 21 walipitisha mikono yao nyuma ya kizuizi, wakatakiwa kusema ni mkono wao upi uliokuwa karibu na mkono wa msichana. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44 tu, chini ya mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Mama aliyenihudumia hakuwahi kudai kwamba anahisi kitu chochote kikitoka kwangu au kuingia, na hilo lilinifanya nimwamini zaidi.

Naamini mguso wenyewe una uzito wake. Ngozi yenye vinyweleo, kama ya mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, ina nyuzi za neva zinazoitikia vizuri zaidi mguso mwepesi unaotembea polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na ambazo huhusika na hisia ya kutulizwa kuliko na kutambua umbo la kitu. Wala uhusiano na anayehudumu si jambo dogo. Katika utafiti wa Ted Kaptchuk na wenzake uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa 262 wa tumbo linalosumbua muda mrefu waligawanywa makundi matatu: walioachwa wasubiri tu, waliowekewa sindano za kuigiza za tiba ya Kichina (akupancha), zisizopenya ngozi, na mhudumu asiyezungumza nao sana, na waliowekewa sindano hizo hizo na mhudumu mwenye upole, aliyewasikiliza. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28, 44 na 62. Kusoma hayo hakukunipunguzia imani hata kidogo. Kama Mungu ameumba ngozi yangu hivyo, sioni kwa nini asiitumie.

Huduma hii ina upungufu wake. Wanaosubiri hukalia mabenchi mafupi, na kwa mtu mwenye magoti kama yangu kunyanyuka kutoka pale ni mateso. Siku moja mama hakuwepo, na aliyeshika nafasi yake aliomba kwa sauti kubwa mfululizo huku akinibana kidole kile kinachouma zaidi. Nilisema "inatosha" kama nilivyofundishwa, akaacha mara moja na kuniomba radhi, lakini usiku ule sikulala. Hawaandiki kumbukumbu ya wanaowahudumia, hivyo kila mhudumu mpya huanza upya na maswali, au husahau kuyauliza.

Ningemshauri nani aende? Mwenye ugonjwa wa muda mrefu ambaye tayari yuko mikononi mwa daktari, na ambaye anataka kuombewa bila kudaiwa kitu, wala ushuhuda, wala tamko la kupona. Mwenye uvimbe ambao haujapimwa, mwenye maumivu ya kifua, anayetokwa na damu au mwenye homa isiyoshuka, aanze hospitali siku hiyo hiyo. Sala itamkuta huko. Na popote utakapokwenda, usikilize kwanza wanachosema kuhusu dawa zako. Wakikuambia uziache, ondoka kabla hawajakugusa. Huo ndio ushauri ambao ningelipa chochote kuupata miaka ile.

Mwezi uliopita nilimweleza daktari wangu kila kitu, pamoja na zile wiki tatu ambazo sikuwahi kumtajia mtu. Aliandika kwenye faili langu neno "maombi" chini ya orodha ya dawa, akaniuliza ni siku gani ya wiki, kisha akanibonyeza viungo kama kawaida. Vinavyouma vilikuwa 6. Mara ya mwisho vilikuwa 9. Nilimrudishia mama habari hiyo wiki iliyofuata pamoja na ile ya dawa iliyoongezwa, naye akasema ashukuriwe Mungu kwa yote mawili, akaenda kunawa mikono.