Chenso (msumeno wa injini) imenoki kwa petroli ya kidumu, fundi wa Mafinga kaifufua (nampa nne kwa tano)

Niseme mapema sijalipwa na mtu, na huyu fundi ninayemsifia hata bango hana. Ni kibanda cha mabati Mafinga, mlangoni ametundika mabaa (vile vyuma virefu vinavyozungukwa na cheni) yaliyoisha kwenye misumari kama samaki wa kukausha, ukiuliza watu wa mbao watakuonyesha.

Mimi nina chenso mbili, Stihl MS 381 niliyoinunua kwa kuungaunga na ile ya Kichina ya 58cc ya kusafishia matawi. Mwezi uliopita tulikuwa tunaangusha paini za mjomba, saa nne asubuhi mafuta kwisha, nikamtuma dogo akachukue petroli kwa muuzaji wa vidumu pale kijijini maana sheli iko mbali. Tukapima lita tano, tukatia oili ya 2T mili 100 kama siku zote, tukajaza zote mbili. Ya Kichina ikaanza kulia juu juu ile sauti ya kama inataka kupasuka, haikai silensa, ukiachia tu inazima. Ile 381 ikavumilia kama robo saa halafu ikapoteza nguvu katikati ya gogo, mimi nikadhani cheni imekuwa butu, nikaikandamiza. Hapo ndo nilipojimaliza. Ikazima, kuvuta kamba haivutiki, imenoki.

Fundi wa kwanza alikuwa wa bodaboda, simtaji, kijana mzuri tu, alitoa plagi akachungulia akasema silinda ikachongwe tuweke pistoni ya ova saizi, yaani kubwa kidogo. Nikaenda duka moja nikaambiwa hiyo ishakufa baba, nunua mpya, na mpya kwa bahati nzuri ilikuwa hapohapo dukani kwao nyuma ya kaunta. Nikaondoka.

Ndo nikafika kwa huyu mzee wa Mafinga, nikamkuta anapiga tupa cheni. Shikamoo, marahaba, kamwene, na kabla hajagusa chochote akauliza "mafuta yaliyobaki yako wapi?" Nikampa kidumu, akanusa, akasema haya yenye oili hayanisaidii mwanangu, nataka ambayo hayajachanganywa. Bahati dogo alikuwa amebania chupa moja kwa ajili ya pikipiki yake (na siku hiyo ndo nikajua huwa anabania). Mzee akachana karatasi ya daftari, akadondosha tone la petroli yake ya sheli na pembeni tone la yetu, akaiweka juani. Lake lilikauka likapotea kabisa. Letu likaacha duara la mafuta, na ukinusa ni koroboi tupu.

Mimi nilijua mambo ya kuchakachua yalishaisha. 2010 EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulia mafuta yaliyochanganywa, kwenye mafuta, halafu bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wakose faida. Lakini vinasaba vinapimwa sheli, kidumu cha kijijini nani anakipima? Na wala si lazima mtu awe mwizi, kidumu kilichobeba mafuta ya taa jana leo kinabeba petroli, basi.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakukimbilia kufungua injini. Alitoa ekzosi tu, akamulika na tochi ya simu kwenye lile tundu akaniita nione. Pistoni upande wa ekzosi ina mistari ya wima kama imekwanguliwa kwa kisu, akatoa na kabureta, upande ule uko safi unang'aa. Akasema mikwaruzo ikiwa upande wa kabureta mara nyingi ni vumbi limepita filta ya hewa, ikiwa huku ni joto na oili haba. Mafuta ya taa yanagonga ndani, joto linapanda, pistoni inavimba inabana, aluminiamu yake inajipaka kwenye ukuta wa silinda. Na silinda ya hii haichongwi kama ya bodaboda, ndani ina ganda gumu jembamba la kupakwa, ukichonga umelitoa.

Halafu akanigeukia mimi, oili gani hiyo? Nikamwonyesha, ya kawaida ya pikipiki. Akatikisa kichwa. Ile moja kwa hamsini (mili 100 zako kwa lita tano) ni kwa oili ya Stihl wenyewe, hizi nyingine wanasema moja kwa ishirini na tano, yaani lita tano tia mili 200. Kwa hiyo lawama zote za muuzaji wa kidumu ilibidi nigawane naye, iliniuma kidogo.

Silinda aliiokoa. Alichovya pamba kwenye tindikali akawa anagusa ile michirizi tu, inachemka povu, povu likikoma aluminiamu imeisha, akaosha kwa maji mengi akapitisha msasa laini. Pistoni na ringi mpya (za kopi, alinionyesha na original na bei zake nikachagua mwenyewe), dayaframu za kabureta, mpira wa mafuta, filta ya tenki na ufundi, jumla laki na themanini.

Ya Kichina aliishika kipini cha kamba akainyanyua ining'inie. Nzima inashuka kwa kusitasita kila pistoni inapopanda, yangu ilishuka shwaa kama ndoo kisimani. Akatikisa na karanki, beringi inacheza, sili nazo zinavuja. Akasema naweza kula hela yako lakini hii nunua nyingine. Nikamwachia awe anatoa spea, akanipunguzia elfu ishirini.

Sasa kwa nini sio tano kwa tano. Aliahidi Alhamisi nikaipata Jumatatu, simu hapokei kabisa, nimepanda gari mara mbili bure. Risiti hakuna, waranti ni mdomo wake. Na ikiwa ya moto inataka kamba tatu nne ndo iwake, naona kabureta bado inataka kuguswa, nitairudisha. Ila nguvu imerudi, wiki ya tatu hii naangusha paini, tenki tatu za mwanzo sikuilalia kama alivyosema.

Ukienda nenda asubuhi, saa nane hivi anafunga anaenda shambani kwake, na ubebe mafuta yako yasiyo na oili kwenye chupa, usipobeba atakurudisha ukayafuate.