Seti ya kituo cha hali ya hewa ya shule: kisanduku kizuri, kipimamvua kinadanganya

Nafundisha Jiografia kidato cha kwanza na cha pili kwenye shule ya kata upande wa Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ukanda wa migomba na kahawa. Kwa miaka sita kituo cha hali ya hewa nilikichora ubaoni tu. Watoto wanakinakili, wanakipaka rangi, wanakijibia mtihani, na hakuna aliyewahi kushika kipimamvua. Wazazi walipochanga mwaka huu, nikapanda basi hadi Kariakoo nikarudi na seti nzima kwa shilingi 240,000: kisanduku cheupe cha mbao cha kuwekea kipimajoto, kipimajoto chenyewe cha joto la juu na la chini, kipimamvua, mshale wa upepo, vikombe vya kupimia kasi ya upepo, na barometa ya kupimia kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyokandamiza. Tumeitumia tangu Januari na imepita masika yote, kwa hiyo nina la kusema.

Kisanduku ni kizuri kuliko nilivyotegemea. Mbao zimekauka vizuri, kuta ni za vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na jua lisipenye, na rangi haijabanduka. Miguu ndiyo mifupi, sentimita 60 tu, wakati kipimajoto kinatakiwa kikae kama mita 1.2 kutoka ardhini. Fundi wa kijijini aliunga nguzo za mgrevilea kwa shilingi 15,000. Siku ya kwanza niliweka kipimajoto kimoja ndani na kingine cha maabara juani juu ya jiwe. Ndani nyuzi 24, nje 37. Darasa zima likapiga kelele kwamba kimoja kibovu. Tukatumia kipindi kizima kubishana, na mwisho wakakubali wenyewe kwamba kile cha nje kilikuwa kinapima jinsi jua linavyokichoma, si joto la hewa.

Karatasi ya maelekezo inasema mlango uelekee kaskazini. Hayo ni maelekezo ya watu wa Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na mlango unawekwa upande wa pili ili ukiufungua mwanga usipige kipimajoto. Vitabu vyetu vinasema walio kusini mwa Ikweta wageuze, basi nikageuza. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akaniuliza, "Madamu, mbona sasa hivi jua liko kusini?" Ilikuwa Januari. Alikuwa sahihi. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta. Jua linatupita utosini katikati ya Machi, linakaa upande wa kaskazini hadi mwisho wa Septemba, kisha linarudi kusini. Tukachomeka fimbo uwanjani na kupiga alama kivuli kila Ijumaa saa sita na nusu, maana kwetu ndipo jua linapokuwa juu kabisa, si saa sita kamili. Januari kivuli kililala upande wa mlimani, yaani kaskazini, Machi kikawa kama kimemezwa na fimbo, Aprili kikahamia upande wa pili. Mlango tumeuacha kusini, kwa kuwa kaskazini ndiko jua linakokaa muda mrefu zaidi. Kuanzia Oktoba hadi Februari msomaji anasimama mlangoni awe kivuli.

Sasa kipimamvua, ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Tunasoma saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, msichana asiyeamini kitu mpaka akiguse, aliweka kando ya kipimamvua kopo tupu la rangi, lile la lita nne ambalo mdomo na kitako ni sawa. Hoja yake ilikuwa rahisi: kopo likiwa na kuta zilizonyooka, kina cha maji ndani yake ndicho kina cha mvua, liwe jembamba au pana. Usiku mmoja wa Aprili ikanyesha. Silinda ya seti, ile yenye alama za kusomea maji yaliyokingwa, ikasema milimita 25. Rula ndani ya kopo ikasema 40. Nikamwambia kopo limerukiwa na maji kutoka ardhini. Akalipandisha juu ya tofali. Mvua mbili zilizofuata, tofauti ileile.

Ndipo nikapima mdomo wa kipimamvua kwa rula: sentimita 10 kamili. Silinda nayo ina maandishi madogo kitakoni kwamba ni ya mdomo wa milimita 127, yaani ile ya inchi tano ya Kiingereza. Mtu kiwandani, au dukani, amefungasha faneli ya kipimo kimoja na silinda ya kipimo kingine. Mdomo mdogo unakinga maji kidogo, silinda inayasoma kana kwamba yamekingwa na mdomo mkubwa, na kila mvua inapungua. Ukitaka jibu sahihi, zidisha kwa 1.6. Sisi silinda tumeiweka kabatini. Tunavuta maji kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, na kila mililita 7.85 tunahesabu milimita moja ya mvua. Mwalimu wa Hisabati alikuja kuazima somo hilo kwa ajili ya eneo la duara.

Nilipiga simu dukani. "Mwalimu wangu, zote zinakuja hivyohivyo, na shule nyingine hazijalalamika." Naamini kabisa hazijalalamika.

Barometa ni kichekesho kingine. Namba zake zinaanzia hektopaskali 960, na sisi tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu 860. Mshale umelala mwisho kabisa upande wa "dhoruba" tangu tulipofungua boksi, hata siku ambayo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana nyeupe bila wingu. Ukiwa Tanga au Dar inaweza kukufaa. Kwetu inafundisha jambo moja tu, kwamba ukipanda juu hewa inapungua, na hilo watoto wamelishika. Vikombe vya upepo havizunguki mpaka migomba ianze kuchanika. Mshale wa upepo uko sawa.

Kitu ambacho seti haina, na hakuna seti itakayokuwa nacho, ni miaka. Baada ya wiki mbili za ukame mwezi Machi darasa lilitaka kuandika kwamba hayo ni mabadiliko ya tabianchi. Nikawaambia walitazame neno lenyewe: tabia. Mtu akikasirika siku moja hujasema ana tabia ya hasira. Wataalamu wanachukua wastani wa miaka 30, sisi tuna miezi sita. Lakini juu yetu pale iko rekodi ndefu: kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takribani asilimia 85, na si kwa joto peke yake, uhaba wa theluji mpya nao umechangia. Hapo wakatulia.

Je, ununue? Kama unaweza kununua kisanduku na kipimajoto peke yake, nunua hivyo, ubaki na pesa. Mvua pima kwa kopo. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafundisha Same, nyuma ya milima ya Upare, hana seti, ana kopo la rangi kama letu. Wiki ya pili ya Aprili sisi tulipata milimita 96, yeye 11, na mvua ya milima, ile inayomwagika upande unaopokea upepo na kuacha nyuma ya mlima pakavu, nikaifundisha kwa kusoma ujumbe wake wa simu mbele ya darasa. Nyota tatu, zote za kisanduku. Ufunguo wake anakaa nao yule msichana wa kopo.