aUaUaU: GNU Radio na usingizi wangu wa siku mbili

Kidude cha RTL-SDR, kile cha USB cha kunasia redio kwa kompyuta, kilinasa stesheni za FM siku ileile nilipokichomeka, rangi zikiporomoka kwenye skrini utadhani kanga mpya zimeanikwa. Sauti sasa! Taarab ilitoka imekatwakatwa kama mchicha, na kwenye terminali, lile dirisha la maandishi, GNU Radio, programu ya kujiundia redio kwenye kompyuta, ikanimwagia aUaUaUaU, mstari juu ya mstari. Maelezo hakuna. Mpaka uhangaike ndipo ujue maana yake kadi ya sauti imeomba sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, ikakuta pipa tupu.

Nikabeba kompyuta kwa fundi mmoja hapa mjini. Hakuisikiliza hata dakika. "Mzee, kadi imekufa. Weka ya nje, elfu arobaini tu." Mzee! Mimi arobaini sijafika, na asubuhi yake kompyuta hiyohiyo ilikuwa inapiga muziki safi kabisa. Nilipomwambia hivyo akatazamana na kijana wake, wakacheka, akarudi kwenye simu yake. Nikaondoka bila kuaga. Bibi yangu angekuwa hai angenichapa.

Usiku nikafungua faili la mipangilio. Sauti ilikuwa inapitia ALSA, sehemu ya Linux inayoshughulikia sauti, kifaa hw:0,0. Ukiandika hw unaongea na kadi ana kwa ana, mkalimani hakuna. Programu yangu ilikuwa inatoa sampuli 44,100 kwa sekunde, kadi inakula 48,000 na haitaki kingine. Anayechota ana haraka kuliko anayejaza, pipa lisikauke kwa nini? Nikaongeza herufi nne, ikawa plughw:0,0, ALSA ikaanza kubadilisha kiwango yenyewe. Taarab ikatulia. Herufi nne, jamani, na mimi macho mekundu!

GNU Radio nilishaiandikia nyota moja hapa. Kisha nikapandisha terminali mpaka juu kabisa: onyo lilikuwepo tangu mwanzo, kwamba kadi imeomba 48000, limefukiwa na aU. Na hiyo hw:0,0 aliiandika nani? Mimi, nimenakili kutoka maelekezo ya zamani bila kuuliza. Basi tatu. Lakini leo nimesikiliza jioni nzima, nikapika huku imewashwa, nikakaribia kuweka tano, ndipo wimbo unakolea ikadondoka aU moja. Saa ya kidude na saa ya kadi haziendi sawasawa, hata uzibembeleze vipi.

Nne. Fundi sifuri.