Blender kwa kuchonga mla nyasi wa sayari ya barafu

Blender, programu ya kompyuta ya kuchonga maumbo ya 3D, ni ya bure, na kwa kuonyesha jinsi mnyama wa kubuni alivyobadilika kuendana na baridi, inatosha kabisa. Nguvu yake ni kuhifadhi maumbo kadhaa ndani ya modeli moja: babu mwenye masikio marefu na miguu myembamba, kisha kizazi chenye kiwiliwili kinene na masikio mafupi yasiyopoteza joto jingi. Sogeza kitelezi kutoka 0 hadi 1, umbo linabadilika mbele ya macho.

Hapo ndipo wengi hukwama. Maumbo yote lazima yawe na idadi ileile ya nukta zinazounda wavu, yaani ngozi ya modeli. Ukisuka upya wavu baada ya kuyahifadhi, kazi inaharibika, kwa hiyo wavu umalizike kwanza.

Manyoya yanapendeza ukiyapanga tabaka mbili kama ya ng'ombe-miski, mnyama wa nchi za baridi kali: fupi ya kushika joto, ndefu ya kuzuia upepo. Bonyeza Ctrl+A kuthibitisha vipimo kabla ya kuyaotesha, la sivyo yananyooka vibaya. Kompyuta dhaifu italemewa. Punguza manyoya yanayoonekana wakati wa kazi.

Uteuzi wa asili haumo ndani ya Blender. Kwa nini pua irefuke, unaamua wewe.